Evian: wakubwa wakipumzika, nani anasubiri mlangoni?

PICHA hizi unazijua. Ziwa la buluu limetulia kama kioo, nyuma yake milima yenye theluji, mbele hoteli nyeupe yenye roshani, na mtu mmoja amejifunga taulo zito, glasi mkononi, anatazama maji. Chini wameandika: njoo upumzike. Wewe kijana uliyening'inia mlangoni mwa daladala, mguu mmoja ndani na mmoja nje, unaitazama picha hiyo kwenye simu ya mwenzako, unacheka, unasema hayo ni ya wenye nazo.

Usicheke haraka hivyo, ndugu yangu.

Leo nataka tuzungumze habari ya mapumziko. Najua utasema mwandishi ameishiwa. Watu wanahangaika na bei ya unga, yeye anatuletea hadithi za mahoteli ya Ulaya! Vumilia kidogo. Mengi yaliyowapata walalahoi wa dunia hii hayakuamuliwa bungeni wala vitani. Yaliamuliwa mahali pa kupumzikia, na watu waliokwisha kuoga, kukandwa na kula wakashiba. Hata hapa kwetu umeona mwenyewe: likitokea jambo zito la kuamua, ghafla ofisi zote za mjini zinakuwa ndogo. Lazima waheshimiwa waende ufukweni au mlimani, eti kwenye utulivu. Warsha ya siku tatu, posho ya siku tano. Wakirudi wamenawiri, wana makabrasha mapya, na sisi tunaambiwa tusubiri utekelezaji.

Mji ninaotaka kukupeleka unaitwa Evian. Jina umeliona. Ni ile chupa ya maji yenye picha ya milima, inayopangwa mbele ya wakubwa kwenye mikutano ya hoteli za kifahari, ambayo bei yake moja ingekununulia sahani ya wali na maharage na chenji ikabaki.

Evian-les-Bains ni mji mdogo wa Ufaransa, mkoa wa Haute-Savoie, kusini mwa ziwa ambalo Wafaransa hulita Léman na sisi shuleni tulifundishwa kuliita Ziwa Geneva. Nyuma ya mji inapanda milima ya Alps. Ng'ambo ya maji ni Lausanne, mji wa Uswisi, na boti huvuka kwa muda wa kama nusu saa tu. Ziwa lenyewe si kubwa kwa macho ya mtu wa Mwanza au Kisumu: lina kilomita za mraba 580 hivi, na ndani ya Victoria letu ungeweza kuyapanga maziwa kama hilo zaidi ya mia moja. Lakini kwa kina limetuzidi mbali. Linashuka mita 310, wakati Victoria hata mita 100 halifiki.

Mwaka 1789, wanasimulia wenyeji, bwana mkubwa mmoja aliyekuwa na ugonjwa wa figo alikunywa maji ya chemchemi iliyokuwa katika bustani ya mtu aitwaye Cachat, akajisikia nafuu. Habari zikaenea. Wagonjwa wenye fedha wakaanza kumiminika, na mahali wanapokwenda wagonjwa wenye fedha hawachelewi kufika wazima wenye fedha. Yakajengwa mabafu ya tiba, ikajengwa kasino, mwaka 1907 ikawekwa reli ya kupanda mlima ili mtukufu asichoke kutoka ufukweni hadi hotelini. Mwaka 1909 ikafunguliwa Hotel Royal, iliyopewa jina hilo kwa heshima ya Edward wa Saba, mfalme wa Uingereza, ambaye walitumaini angekuja kulala humo. Akafariki mwaka 1910 bila kuitumia. Hoteli ikabaki na jina la mfalme na wageni wa aina nyingine.

Mtu hupumzikaje hapo? Anaamka bila kengele. Anatembea kando ya ziwa, palipopandwa maua kwa mistari. Anakunywa glasi yake ya maji ya chemchemi, anaoga maji ya moto, anakandwa mgongo. Mchana anapanda na kile kigari cha reli, anakaa rohoni kweupe kabisa, chini yake paa za mji, mbele ziwa, ng'ambo taa za Uswisi zinaanza kuwaka jioni. Hakuna honi. Hakuna anayempigia simu kudai kodi ya chumba.

Mimi sioni ubaya wowote hapo! Watu wengine wa upande wetu wanadhani kumtetea mnyonge ni kulaani kila godoro laini. Hapana. Mbeba mizigo wa Kariakoo ana haki ya kulala mchana na kutazama maji kuliko hata huyo bwana mkubwa wa figo. Swali langu si kwa nini watu wanapumzika. Swali ni hili: anapopumzika mtu aliyebeba ufunguo wa mlango, waliosimama nje ya mlango wanafanya nini?

Twende mwaka 1938.

Mwezi Machi mwaka ule Hitler alikuwa ameimeza Austria. Wayahudi wa Ujerumani walikuwa wamekwisha kunyang'anywa kazi, biashara na uraia, na sasa wale wa Vienna walikuwa wakipigishwa magoti barabarani kusugua lami huku umati ukicheka. Mbele ya kila ubalozi palikuwa na foleni. Walichotaka ni kitu ambacho wewe kijana unakijua vizuri: viza. Karatasi tu, mhuri tu. Si fedha, si chakula, si bunduki. Wakati ule serikali ya Hitler ilikuwa bado inawafukuza. Mlango wa kutokea ulikuwa wazi. Uliofungwa ni wa kuingilia kwingine.

Rais Roosevelt wa Marekani akaitisha mkutano wa mataifa kujadili wakimbizi hao. Uswisi ikakataa kuwa mwenyeji, haikutaka kumuudhi jirani yake Mjerumani. Basi mkutano ukavushwa ng'ambo ya ziwa, Evian, Hotel Royal. Nchi 32 zikapeleka wajumbe. Ulianza tarehe 6 Julai ukaisha tarehe 15, kilele cha kiangazi, wakati mzuri kuliko wote wa kuwa kando ya ziwa lile.

Mtumishi mmoja wa hoteli alikumbuka miaka mingi baadaye jinsi wageni wale walivyokuwa: boti za starehe ziwani, kasino usiku, mabafu ya tiba na kukandwa, gofu. Na vikao pia, ndiyo, vikao vilikuwepo. Mjumbe baada ya mjumbe alisimama, akaeleza jinsi serikali yake inavyosikitishwa, kisha akaeleza kwa nini haiwezi. Huyu nchi yake imejaa. Yule nchi yake ina wasio na kazi. Mwingine anataka wakulima tu, na hawa ni wenye maduka na madaktari. Mjumbe wa Australia, nchi ambayo ni bara zima, alisema kwao hakuna tatizo la mbari na hawana hamu ya kuliagiza kutoka nje. Alisema hivyo mwana wa nchi iliyochukuliwa kutoka kwa watu weusi waliokuwa wakiishi humo tangu enzi na enzi! Marekani yenyewe, iliyoita wenzake, ilisema itaendelea na mgawo wake uleule wa watu 27,370 kwa mwaka kwa Ujerumani na Austria pamoja, hata mmoja wa ziada hapana.

Mashirika ya wakimbizi yaliruhusiwa kuingia kueleza shida, yakapewa dakika chache chache, kama wachuuzi wanaoitwa kwenye ofisi ya mkubwa naye anatazama saa. Alikuwepo mwanamke mmoja aliyetoka Palestina kama mtazamaji, hakuruhusiwa kusema wala kuketi na wajumbe. Ndiye Golda Meir, ambaye mwaka 1969 alikuja kuwa waziri mkuu wa Israeli. Kama unataka kujua hasira ya watu wengine ilianzia wapi, usiangalie vitani tu, angalia pia viti vya nyuma vya mikutano. Na kusema hivi si kuhalalisha yaliyowapata Wapalestina baadaye, ambao nao Evian hawakuitwa, ila nchi yao haikutajwa kwa sababu Waingereza walikwisha sema isitajwe.

Nchi moja tu ndiyo iliyosema itapokea watu wengi: Jamhuri ya Dominika, hata laki moja. Usishangilie. Mtawala wake, Trujillo, alikuwa mwaka uliotangulia ameua maelfu ya Wahaiti kwa sababu ya weusi wao, akawa anatafuta sabuni ya kuoshea jina. Mwishoni waliofika huko wakapewa mashamba walikuwa mia kadhaa. Hata hivyo wale mia kadhaa walipona, na nchi zenye majina safi hazikuwapa hata hicho.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo tunapoingia sisi. Mjumbe mkuu wa Uingereza, Lord Winterton, katika maneno yake ya kufunga aliitaja Kenya. Akasema huenda familia chache zikapata nafasi ya kukaa huko, kidogo kidogo. Kenya! Ni nani kutoka Kenya aliyekuwa amekaa kwenye ukumbi ule? Ni Mkikuyu gani, Mnandi gani aliyeulizwa? Miaka minne tu nyuma, 1934, tume ya ardhi ya Carter ilikuwa imekwisha kuthibitisha kwamba nyanda za juu ni za wazungu, na mwaka 1939 Uingereza ikapiga mhuri wa sheria juu ya jambo hilo. Mkimbizi aliyefika Nairobi na sanduku lake moja hakuwa yeye aliyechora ile mipaka, tusimlaumu. Lakini ona jinsi mambo yanavyokwenda mahali penye hewa nzuri: watu walionyang'anywa kwao wanatafutiwa mahali katika nchi ya watu wengine walionyang'anywa kwao, na aliyewanyang'anya ndiye anayeitwa mkarimu.

Mkutano ukafungwa kwa kuunda kamati. Kamati! Makao yake London. Kila mtu akarudi kwao na ngozi yenye rangi nzuri ya jua. Magazeti ya Hitler yakacheka kwa sauti: mnatulaumu kuwafukuza, mbona ninyi hamwataki? Miezi minne baadaye, usiku wa tarehe 9 Novemba 1938, masinagogi yalichomwa Ujerumani nzima na maduka yakavunjwa vioo. Vita ilipokwisha mwaka 1945, Wayahudi milioni sita walikuwa wameuawa.

Hapa najua kuna msomaji atakayesema ninaionea hoteli. Je, wajumbe wale wangekutania kwenye banda la bati lenye mbu, wangetoa viza? Swali zuri, na nitalijibu bila kuzunguka: pengine wasingetoa. Jibu lilikuwa limekwisha kuandikwa kabla hawajafunga mabegi. Barua ya mwaliko ya Roosevelt yenyewe ilisema kwamba hakuna nchi itakayotarajiwa kupokea watu zaidi ya sheria zake zinavyoruhusu. Yaani ulialikwa kwenye harambee, na kadi imeandikwa: si lazima kuchanga.

Lakini usiiachie hoteli iende bure. Banda la bati lingewaumbua. Ingekuwa aibu kukaa siku kumi kwenye banda na kutoka na kamati. Hoteli nzuri inafanya kazi moja kubwa: inampa mtu aliyeshindwa hisia kwamba amefanya kazi. Umeamka, umevaa tai, umesikiliza hotuba, umekula chakula cha mchana na balozi, umechoka, unastahili bafu. Jioni ziwa linang'aa. Nani atakumbuka foleni ya Vienna? Ndiyo maana ukimsikia mkubwa anasema kikao kilikuwa na mafanikio makubwa, muulize kwanza: mafanikio gani, ya kikao au ya kikao chenu?

Sasa nikupe habari nyingine ya mji huohuo, maana sitaki uondoke ukidhani maji ya Evian yamelogwa.

Tarehe 1 Novemba 1954 vijana wa Algeria walianza vita dhidi ya Ufaransa. Wengi wao walikuwa vijana hasa, wa umri wako na wa kaka yako. Mwanzo Wafaransa walisema Algeria ni Ufaransa, hakuna cha kuzungumza na wahuni. Miaka ikapita, damu ikamwagika kwa wingi, na mwaka 1961 Jenerali de Gaulle akakubali kuzungumza na hao wahuni. Pakachaguliwa Evian. Meya wa mji, Camille Blanc, Msoshalisti mwenye hoteli yake mwenyewe, alikubali kuwa mwenyeji. Tarehe 31 Machi 1961, mara baada ya mazungumzo kutangazwa, wazungu wasiotaka Algeria ijitawale walimtegea bomu wakamuua. Katika habari hii yote ya starehe, yumo mwenye hoteli aliyelipa kwa roho yake. Sijamsikia akitajwa sana. Basi nimemtaja.

Mazungumzo yakaanza mwezi Mei. Na sasa angalia walichofanya Waalgeria. Walikataa kulala Evian. Vitanda vilikuwepo, mashuka yalikuwepo, ziwa lilikuwepo. Wao wakasema: hatulali katika ardhi ya Ufaransa wakati Ufaransa inawaua watu wetu. Wakalala ng'ambo, Uswisi, chini ya ulinzi wa askari wa Uswisi, na kila siku ya kikao helikopta iliwavusha asubuhi na kuwarudisha jioni. Wakimaliza kusema wanapanda, wanaondoka. Hakuna chakula cha usiku na mpinzani, hakuna kasino, hakuna kile kikombe cha mwisho kwenye roshani ambapo mtu mzito anakuwekea mkono begani na kukuambia, sikiliza bwana mdogo, hili la Sahara tuliache kando kwanza.

Maana Sahara ndiyo iliyokuwa na mafuta. Wafaransa walitaka kutoa uhuru wa Algeria ya kaskazini na kubaki na jangwa. Waalgeria walisema nchi ni moja. Mwezi Juni 1961 mazungumzo yakavunjika juu ya jambo hilo, wakaondoka bila mkataba, na vita ikaendelea. Hebu fikiria ujasiri wa kuondoka! Watu wako wanakufa kila siku, unaweza kupata karatasi ya uhuru leo, na unasema hapana, si kwa nusu. Mwezi Septemba de Gaulle mwenyewe akakiri hadharani kwamba Sahara haiwezi kutengwa na Algeria.

Wakarudi Evian tarehe 7 Machi 1962. Wiki zilezile, Kenyatta na wenzake walikuwa London, Lancaster House, wakivutana na Waingereza na wao kwa wao juu ya katiba. Tanganyika ilikuwa na miezi mitatu tu tangu ipate uhuru wake. Tarehe 18 Machi mkataba ukatiwa saini, kwa upande wa Algeria na Krim Belkacem, kwa upande wa Ufaransa Louis Joxe akiongoza. Kesho yake mchana mapigano yakasimamishwa. Ben Bella, aliyetekwa na Wafaransa mwaka 1956 wakati ndege yake ikiwa angani, akatoka kizuizini. Mwezi Julai Algeria ikawa huru.

Haikuwa ushindi mtupu. Ufaransa ilibaki na kambi ya majeshi ya majini ya Mers el-Kébir kwa muda, na iliendelea kulipua mabomu yake ya nyuklia huko Sahara hadi mwaka 1966. Na wale Waalgeria waliokuwa wamepigana upande wa Wafaransa walitelekezwa, wakachinjwa kwa maelfu. Mkataba unasainiwa mezani, lakini haufiki kijijini kwa mwendo uleule.

Umeona tofauti, kijana? Mji ni uleule. Ziwa lilelile, hewa ileile, chupa zilezile mezani. Mwaka 1938 waliokuwa na shida walikaa viti vya nyuma, na nyuma yao hapakuwa na kitu isipokuwa foleni. Mwaka 1962 walikaa viti vya mbele, kwa sababu nyuma yao palikuwa na watu waliosimama miaka saba na zaidi wakakataa kuondoka.

Natamani ningeishia hapo. Lakini gazeti hili halikuzoea kukuficha, na mambo ya Algeria baada ya uhuru wewe unayajua kwa jina jingine. Kiangazi kilekile cha 1962 wakombozi walianza kunyang'anyana ikulu. Chama kilicholeta uhuru kikajitangaza ndicho chama pekee, na kikakaa hivyo hadi mwaka 1989. Krim Belkacem, mtu yule yule aliyeweka saini, akawa mpinzani, akakimbilia nje, na mwezi Oktoba 1970 akakutwa amenyongwa katika chumba cha hoteli mjini Frankfurt. Alikataa kulala hoteli ya adui wakati wa vita. Akafia hoteli ya kawaida wakati wa amani, na wengi hawakuwa na shaka mkono ulitoka wapi.

Ilikuwa lazima wafike vijana wengine. Oktoba 1988 vijana wa Algiers, wasio na kazi, wa vichochoroni, waliozaliwa baada ya uhuru na kuchoshwa na hadithi za uhuru, waliingia mitaani. Jeshi la ukombozi likawapiga risasi, mamia wakafa. Miezi michache baadaye, 1989, katiba ikabadilishwa na vyama vingi vikaruhusiwa. Yaliyofuata mwaka 1992, uchaguzi ulipofutwa na nchi ikatumbukia vitani, ni msiba unaohitaji makala yake. Ninachotaka ukumbuke ni kwamba mlango ule wa 1989 haukufunguliwa na warsha yoyote ya ufukweni.

Evian yenyewe haikuacha kazi yake. Mwezi Juni 2003 wakubwa wa dunia, wale wanane, walikutana pale pale. Wandamanaji walizuiliwa mbali, wengi wakabaki Geneva na Lausanne, ng'ambo ya maji. Chirac aliwaalika na Waafrika: Mbeki, Obasanjo, Wade, Mubarak, na Bouteflika wa Algeria, aliyekuwa mpiganaji wa vita ile ile ya uhuru. Sasa hakukuwa tena na sababu ya kulala ng'ambo. Walizungumza juu ya maendeleo ya Afrika, juu ya maji safi kwa maskini. Maji, ndugu yangu, Evian! Miaka kumi baadaye, Oktoba 2013, boti iliyojaa vijana wa Eritrea na Somalia ilizama karibu na kisiwa cha Lampedusa, zaidi ya 360 wakafa. Nao walikuwa wanatafuta karatasi na mhuri. Na mwaka 2025 Rais Macron alitangaza kwamba mkutano wa wale wakubwa, sasa saba, wa mwaka 2026 ungefanyika Evian. Ukisikia lolote lililosemwa huko juu ya wakimbizi, unajua ukumbi wake una kumbukumbu gani.

Kuna jambo moja la mji ule ambalo nililiweka kiporo makusudi. Ile chemchemi ya Cachat, maji yaleyale yanayotiwa kwenye chupa na kampuni na kupelekwa dunia nzima, ina bomba lake mtaani, kwenye ukuta, wazi, usiku na mchana. Halina mlinzi, halina mita. Wenyeji wanakuja na vidumu na makreti ya chupa tupu, wanajaza, wanapakia kwenye magari yao na kwenda zao bila kulipa hata senti. Bwana wa Hotel Royal analipia maji yale mezani. Mama muuza mkate wa Evian anayachota bure. Na hizo chupa zinazouzwa, manispaa inatoza ushuru wake. Wenyewe ndio walioamua hivyo, kwa meya wanayemchagua na wanaweza kumwondoa.

Kwa hiyo siku ukijaliwa kwenda, na nakuombea uende, kwa viza halali na si kwa mtumbwi, vuka na boti ya Lausanne asubuhi. Panda kile kigari cha reli. Tazama Hotel Royal kwa nje, kutazama hakulipiwi. Kaa kando ya ziwa uvue viatu, usione haya, miguu yako imesimama sana. Ukiona kiu usiingie mkahawani. Uliza njia ya kwenda kwenye bomba la Cachat, na uwe umebeba chupa yako tupu.